Msitu si idadi ya miti

Kuna video yangu moja nimeifuta. Acha niwaambie kwa nini.

Mwaka jana nilialikwa kurekodi siku ya kupanda miti, huko mlimani. Nikalipwa vizuri. Nikasimama mbele ya kamera na mche mkononi, nikasema, "Leo tumerudisha msitu!" Watu wakapenda, wakasambaza. Halafu mzee mmoja wa hapo akanivuta kando. "Kijana wangu, huo ni mkaratusi. Ni ndege gani atakula hapo?"

"Sijui, mzee."

Hilo swali lilinisumbua, nikaanza kusoma. Nikajikuta Ushelisheli, kwenye kisiwa kidogo kinaitwa Cousin. Kuna ndege wa huko, Seychelles warbler, mdogo tu, hana rangi za kujionyesha. Anakula wadudu anaowatoa chini ya majani. Sasa, watu walikuwa wamefyeka msitu wa asili wakajaza kisiwa minazi. Kufikia miaka ya 1960, hao ndege walikuwa wamebaki chini ya 30 dunia nzima, wote hapo Cousin.

Na mnazi si ni mti? Ukihesabu miti tu, Cousin haikuwa na shida yoyote.

Mwaka wa 1968 shirika ambalo leo linaitwa BirdLife International likanunua kisiwa. Hawakuanza na sherehe ya miche. Walianza kuizuia minazi, wanang'oa inayochipuka, miti ya asili ikapata nafasi ya kuota. Majani yakarudi, wadudu wakarudi, ndege wakaongezeka mpaka Cousin ikawajaa. Mwaka wa 1988, ndege 29 wakahamishiwa kisiwa cha Aride, halafu wengine wakapelekwa visiwa vingine. Leo wako kwenye visiwa 5, zaidi ya 3,000.

Sasa turudi nyumbani. Kenya tunataka kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Mimi sipingi, tunahitaji miti. Hata mkaratusi una kazi yake, nguzo na kuni lazima zitoke mahali. Lakini tusiuite msitu. Nenda Milima ya Taita uone: msitu wa asili umebaki vipande vipande, kama visiwa katikati ya mashamba, misonobari na mikaratusi. Huko ndiko anaishi Taita apalis, ndege ambaye hayuko kwingine kokote duniani. Yeye hana Aride ya kuhamia.

Wiki iliyopita nimealikwa tena kurekodi. Nikauliza, "Ni miche gani?" Mpaka leo sijajibiwa. Na siwadanganyi, hiyo pesa naihitaji, mwenye nyumba hali ndege. Lakini bila jibu, kamera inabaki kwa begi.

Na wewe ukialikwa, uliza hivyo hivyo kabla hujashika jembe.