Mbio Fupi Omurushaka
Tulipokuwa wanafunzi, mwalimu wetu alituzungusha uwanjani hadi magharibi, akiamini kwamba pumzi ndiyo mbio. Siku ya mashindano tuliachwa katika hatua kumi za mwanzo, nasi tukailaumu miguu yetu. Kumbe mwili uliochoka haujifunzi kasi. Siku hizi, jioni, katika mwinuko wa Omurushaka, tunawaamuru vijana wapande mbio mita 30 tu kwa nguvu zote, kiwiliwili kimeinama, mguu ukiisukuma ardhi nyuma. Kisha wapumzike dakika tatu kamili. Wapita njia wenye mikungu ya ndizi huwaita wavivu. Tuliwasimulia habari za Seraphino Antao wa Mombasa, aliyetwaa dhahabu za yadi 100 na 220 huko Perth mwaka 1962. Binti mmoja amekwisha kuuliza Perth iko wapi.