Baiskeli Katika Makorongo ya Songwe

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Tanzania iko mito miwili yenye jina moja. Songwe ya kwanza huelekea Ziwa Nyasa, na kwa sehemu kubwa ya mwendo wake ndiyo mpaka wa Tanzania na Malawi. Songwe ya pili hugeukia kaskazini, hupasua ukingo wa bonde la ufa, na kuishia katika Ziwa Rukwa, ziwa lenye mito mingi ya kuingia na lisilo na hata mmoja wa kutoka. Misafara ya baiskeli itokayo Cairo kwenda Cape Town, ambayo ilianza mwaka 2003, imeizoea Songwe ya kwanza, maana darajani Kasumulu ndiko wengi wao hugongewa mihuri ya kuingia Malawi. Songwe ya pili haina mihuri wala misafara. Ni mto wa watu wake, na mtu aufuataye kwa baiskeli hufanya hivyo kwa hiari yake, pasipo kushangiliwa na yeyote.

Mwalimu mmoja wa Vwawa aliufuata katika likizo ya Juni, wakati kiangazi kilipokuwa kimekausha njia, na baridi ya Mbozi ikiwa kali asubuhi hata vidole vikasitasita kukamata breki. Nia yake ilikuwa kufika Mbangala, kata ya Wilaya ya Songwe, katika nchi ielekeayo Rukwa. Hakuwa na ndugu huko, wala deni la kudai, wala mchumba wa kuposa. Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, nzito, isiyo na gia, ya aina ambayo fundi wa kila kijiji huijua kama aujuavyo mkono wake. Kwenye keria alifunga blanketi, dumu la maji la lita 5, pampu, viraka na solusheni. Wenzake walimcheka kwa upole. Walisema kuwa basi hufika siku hiyo hiyo, na kwamba mtu mwenye mshahara hana sababu ya kutoka jasho barabarani.

Kutoka uwanda wa Mbozi lami hushuka kuelekea mashariki, na mteremko ulio mkali kupita yote ni ule wa Senjele, ambao madereva wa malori huutaja kwa sauti ya chini. Magari yatokayo Tunduma na mizigo ya Zambia na Kongo hupita hapo yakinguruma, na mpanda baiskeli hana haki ila ile aachiwayo, nayo ni upana wa shibiri mbili pembeni mwa lami. Mwalimu alishuka kwa miguu akiikokota baiskeli sehemu iliyo mbaya zaidi. Hakuna aibu katika jambo hilo. Breki za raba hazikuumbwa kwa ajili ya Senjele. Chini ya mteremko bonde la Songwe lilifunguka, na rangi ya vumbi ikabadilika kutoka nyekundu hadi nyeupe. Hapo alikuwa ameingia nchi ya chokaa.

Mtu wa pwani huijua chokaa kwa njia ya bahari. Nyumba za Unguja na Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa kuni. Karibu na Tanga, katika mapango ya Amboni, mto Mkulumuzi umekata njia yake katika mwamba wa chokaa uliojengeka chini ya bahari ya zama za kale. Chokaa ya Songwe haikuzaliwa na bahari. Ni kazi ya maji moto. Chini ya ardhi maji hupata joto la volkano, na wachunguzi wengi hulihusisha joto hilo na mlima Ngozi, wenye ziwa katika kreta yake. Maji hayo hubeba hewa ya ukaa, na kwa nguvu ya hewa hiyo huyeyusha chokaa yapitapo katika miamba. Yakitokeza juu, mengine yakiwa na joto la nyuzi 70 na zaidi, hewa huyatoroka kama itorokavyo soda chupa ifunguliwapo, na chokaa, isiyo na cha kuishikilia tena, huganda. Utando mweupe ndani ya birika la zamani ni mfano mdogo wa jambo hilo. Kando ya Songwe birika limechemka kwa maelfu mengi ya miaka, na utando wake umekuwa vilima, kuta na viwanja vya mawe ambavyo mtu aweza kupita juu yake kwa baiskeli.

Mwalimu alipita. Magurudumu yalitoa sauti nyingine, kavu, kama kijiko kikikwaruza sahani. Jiwe hilo lina matundu, na mahali pengine alama za majani na mashina yaliyofunikwa na chokaa kabla hayajaoza. Mto nao haukukubali kuzibiwa njia. Kadiri chemchemi zilivyojenga, maji baridi ya Songwe yalikata, na kati ya mjenzi na mkataji huyo yakapatikana makorongo na mapango, likiwamo Pango la Popo, ambalo wakati wa magharibi hutoa popo wengi kama moshi. Katika bonde hilo hilo, tangu miaka ya 1980, kiwanda cha saruji kimekuwa kikichimba chokaa na kuichoma. Kwa hiyo si kosa kusema kwamba nyumba nyingi za Mbeya na Tunduma zimejengwa kwa maji ya chemchemi yaliyoganda. Wala si kosa kukumbuka kwamba baruti hula kwa siku moja kile ambacho chemchemi ilikijenga kwa zama nyingi.

Kiu ndiyo iliyomfundisha zaidi. Nchi ya chokaa humeza mvua yake; juu hubaki kukavu, na maji husikika chini ya genge mahali ambapo mguu haufiki. Chemchemi aliyoikuta ilikuwa ikifuka moshi, na maji yake, hata yalipopozwa kofiani, yalikuwa na ladha ya magadi. Dumu la lita 5 lilikwisha kabla ya saa nane mchana. Tangu hapo aliacha kutazama mandhari, akawa anatafuta mashina ya mikuyu, maana mkuyu hauoti mbali na maji matamu.

Alifuata njia za ng'ombe mpaka akaiunga barabara itokayo Mbalizi kwenda Galula na Mkwajuni. Mbalizi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko karibu mita 800. Tofauti hiyo, ambayo katika gari huhisiwa masikioni tu, mpanda baiskeli huilipa kwa mapaja. Akishuka, hukopeshwa, akirudi, hudaiwa yote pamoja na riba.

Kwenye kona moja ya mteremko alikutana na mzee aliyekuwa akipandisha baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Mzee hakuwa ameipanda. Aliisukuma, bega moja likiwa limelalia gunia, na kila baada ya hatua ishirini hivi aliweka jiwe nyuma ya gurudumu akapumua. Mwalimu alishuka, akampisha upande wa ndani wa barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Unakwenda wapi?"

"Mbangala."

"Pole. Nani amefariki?"

"Hapana, mzee, hakuna msiba. Natembea tu, nione mto."

Mzee alimtazama, akaitazama baiskeli, halafu akautazama mlima uliokuwa bado mbele yake mwenyewe. "Kutembea tu," alisema, bila dhihaka. "Basi nisaidie mpaka pale penye mti, ndipo uendelee kutembea."

Mwalimu alisukuma. Hakutegemea uzito ule. Sandali zake ziliteleza katika changarawe, na kabla ya kuufikia mti alikuwa ameelewa kwa nini jiwe huwekwa nyuma ya gurudumu mara nyingi vile. Hapo ndipo penye shaka kubwa ya safari za baiskeli za kujifurahisha katika nchi hii. Barabara ni moja na chombo ni kimoja, lakini mmoja apanda kwa ajili ya unga wa watoto, na mwingine kwa sababu amechoka kukaa. Wako wasemao kwamba safari ya namna ya pili ni anasa iliyoazimwa ugenini. Maneno hayo yana ukweli, ila si wote. Mchukuzi wa mkaa anaijua kona ile kuliko mtu yeyote, lakini mzigo haumpi ruhusa ya kugeuza kichwa. Kutazama ni kazi pia, na hufanywa na yule ambaye mgongo wake uko huru. Deni lake ni kusukuma mpaka kwenye mti, pasipo kungoja kuombwa.

Na katika makorongo ya nchi hiyo viko vya kutazamwa. Ambapo chokaa nyeupe huisha, kuta za mchanga mwekundu zimebeba mifupa ya zama za kale, nayo imevuta wataalamu wa visukuku. Mwaka 2010 alitangazwa mamba mdogo mwenye ukubwa wa paka, aliyeishi miaka ipatayo milioni 100 iliyopita. Kwa kuwa meno yake yalifanana na ya wanyama wanyonyeshao, aliitwa Pakasuchus, na neno la kwanza la jina hilo kila mtoto wa Kiswahili hulisoma bila kusaidiwa. Mwaka 2014 likafuata jitu liitwalo Rukwatitan, na mwaka 2017 dinosauri mwingine mwenye mifupa ya shingo iliyotanuka, Shingopana songwensis. Ni nadra lugha ya Kiswahili kuingia katika orodha za sayansi ya dunia, nayo iliingia kupitia kuta hizi ambazo mpanda baiskeli huegemea akibandika kiraka.

Baada ya Galula nchi ililala. Joto lilimpokea kama mlango wa tanuri, magurudumu yakaingia katika udongo ambao masika huufanya gundi na kiangazi huupasua vipande. Mkwajuni alinunua maji na ndizi, akalala. Kesho yake alipita katika misitu ya miyombo na mashimo ya wachimbaji, kwa kuwa hii ni nchi ya dhahabu ya Lupa, iliyovuta watu tangu miaka ya 1920. Vijana wa pikipiki walimpita wakipiga honi. Mmoja alijitolea kumvuta kwa kamba. Mwalimu alishukuru, akakataa, ingawa haikuwa rahisi.

Alipofika Mbangala alikwenda ofisini kwa mtendaji, kama mgeni apasavyo. Akapewa daftari la wageni. Aliandika tarehe, jina lake, na mahali atokako. Safu ya nne ilidai shughuli iliyomleta, na kalamu ikasimama. Juu ya mstari wake wengine walikuwa wameandika chanjo, kodi, ukaguzi wa shule. Mtendaji alingoja kwa adabu, akifuta vumbi jeupe ambalo mkono wa mgeni ulikuwa umeacha juu ya meza. Mwalimu aliandika "Kusalimia," akatia sahihi, kisha akauliza kisima kiko upande gani.