Kabichi Iliyochacha

Mume wangu ni mtu wa Jambiani, na vyakula anavyokula vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: wali wa nazi, samaki, chapati, mkate wa ufuta, na maharage ikiwa kaunga mama yake. Pilau hula akishajua nani kapika. Kwenye harusi za watu huomba chai. Miaka mitatu ya ndoa nilikuwa nimeizoea tabia hiyo kama unavyozoea mlango usiofunga vizuri, mpaka nilipoamua kumtoa usiku mmoja tukale chakula cha Kikorea.

Sababu ilikuwa yangu, si yake. Kabla hatujaoana nilisoma Seoul miaka miwili, na nyumbani kwetu miaka ile haionekani popote ila kwenye picha chache za theluji. Nilitaka aionje.

Nikajiandaa kama mtu anayepeleka posa. Nilipiga simu mgahawani, upande wa Msasani, nikauliza habari za nguruwe na pombe katika mapishi yao. Swali hilo nalijua vizuri. Siku zangu za mwanzo Seoul nilikuwa nakula karibu na msikiti wa Itaewon, ule uliofunguliwa mwaka 1976, maana mitaa ile ndiyo yenye migahawa ya halali. Nikitoka hapo nilikuwa na sentensi moja tu ya Kikorea: hii ina nguruwe? Mgahawani wakanijibu ng'ombe yupo, kuku yupo, samaki wapo. Nikaomba meza ya saa moja usiku.

Tulipoketi, hata hatujaagiza, mhudumu akaja na vibakuli. Ndivyo walivyo Wakorea: vitoweo vidogovidogo wanavyoviita banchan huja na chakula bila kulipiwa, na kimoja kikiisha unaongezwa. Mwenzangu akavihesabu. Sita. "Mbona hatujaagiza?" akaninong'oneza, huku akivuta kiti nyuma, kana kwamba akikaa mbali na meza na bili nayo itakaa mbali.

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kula, nikafungua darasa. Hiki ni mchicha uliochemshwa ukatiwa mafuta ya ufuta. Hizi ni soya zilizoota. Hiki je, unakijua? Kila alipoinua kijiko nilikuwa namtazama mdomo. Tukafika kwenye kimchi. Akainama, akanusa.

"Hii kabichi imechacha."

"Haijachacha. Imechachushwa."

"Tofauti yake nini?"

Kwa Kiswahili tofauti yake ni silabi moja, na silabi moja haimshibishi mtu. Nikaanza kumhutubia: kabichi hulowekwa kwenye chumvi, ikapakwa jani kwa jani pilipili, kitunguu thaumu, tangawizi na uduvi wa chumvi, kisha ikaachwa ichachuke yenyewe. Majira ya baridi yakikaribia, majirani hukusanyika kuitengeneza pamoja, shughuli inayoitwa kimjang, nayo UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2013. Ndiyo, nilimtajia UNESCO. Sijui nani aliyewahi kutafuna kitu kwa sababu UNESCO wamekiorodhesha. Nikamkumbusha achari anayoila na wali, nayo si kali, si chachu? "Achari ni embe," akasema, na mjadala ukafungwa.

Nilikuwa nimebakiza karata moja, na niliiamini kuliko zote: supu ya mwani. Wakorea huinywa siku ya kuzaliwa, na mzazi hupewa baada ya kujifungua kama sisi tunavyompa uji wa pilipili manga. Mama mkwe wangu analima mwani, kama wanawake wengi wa Jambiani na Paje tangu miaka ya mwisho ya 1980. Maji yakitoka huenda pwani na kamba zake, akafunga miche, akavuna, akaanika, akauza kwa kilo. Unakwenda nje ya nchi kutolewa utomvu wa kuzitia uzito dawa ya meno na aiskrimu. Mwani wa Korea ni wa aina nyingine, lakini nikaona mtoto wa mkulima hawezi kuukataa. Akaligeuza jani kwa kijiko, likateleza, likarudi bakulini.

"Mama yangu mgongo umemwisha kwa mwani," akasema taratibu, "halafu mimi nije kuulipia niule?"

Nilicheka, lakini nilikuwa nimeshaanza kuudhika. Naye akaona. Akaweka kijiko chini, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Wewe kimchi uliipenda siku ile ile?"

Nilitamani niseme ndiyo.

Ukweli ni kwamba Novemba yangu ya kwanza Seoul, mama mwenye nyumba aliniachia mlangoni boksi zima la kimchi aliyoitengeneza kwa mikono yake. Nikaifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki, nikaitundika nje ya dirisha. Nilimshukuru kwa kuinama sana, nikaingia ndani nikala mkate. Ilikaa pale hadi Januari, siku niliyoishiwa hela na nje baridi iko chini ya sifuri, ndani sina ila mchele na yai moja. Nikaikaanga na wali. Sikuipenda hata siku hiyo; niliimaliza tu. Kuipenda kulikuja baadaye, sijui lini hasa. Mimi nilipewa msimu mzima wa baridi na sikuwa natazamwa na mtu. Yeye nilikuwa nimempa usiku mmoja, nami nimemkodolea macho.

Nikamsimulia hayo yote, na mifuko mitatu nikaitaja. Alicheka mpaka mhudumu akageuka. Kisha nikanyamaza nikala chakula changu, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo.

Nyama ikaja, ikachomwa kwenye jiko la hapo hapo mezani, ikakatwa kwa mkasi. Vijiti vya chuma alikuwa ameshavitupa pembeni. Nikamwona mkono wa kulia ukitambaa polepole hadi kibakuli cha mwisho, kile ambacho darasa langu halikuwahi kukifikia. Akaokota kimoja kwa vidole, akakitazama dhidi ya taa.

"Hawa dagaa."

Walikuwa dagaa kweli, wadogo kama dagaa mchele, wamekaangwa kwa sosi ya soya na sukari, wakanyunyiziwa ufuta. Akala mmoja. Akala watatu. Akavuta kiti mbele, akakivuta na kibakuli, akamaliza, akapangusa vidole.

"Mwite yule kijana aongeze. Si umesema ni bure?"

Vililetwa vibakuli vitatu zaidi. Cha nne niliona haya kukiomba, akakiomba mwenyewe.

Tumesharudi mara kadhaa. Huagiza wali, nyama na dagaa, na dagaa wa sukari sasa anawakaanga mwenyewe nyumbani, jambo ambalo mama yake anaamini nimemfundisha mimi na hajalisamehe. Kopo langu la kimchi liko rafu ya chini ya friji, ndani ya mfuko mmoja. Hajaligusa.