Besiboli ya Mashine Ndogo, na Mambo Inayoyakosa



Katika mkutano wetu mama mmoja aliuliza kama ni vizuri kuwanunulia watoto zile mashine ndogo za michezo zinazouzwa sokoni, zile za kushika mkononi, zenye kioo kidogo na vifungo vya rangi. Wengine walisema zinaharibu akili ya mtoto. Wengine walisema afadhali hizo kuliko mtoto kuzurura barabarani. Mimi siku ile sikusema kitu, kwa sababu jibu langu ni refu. Leo nalitoa kwa kuandika, na nitazungumzia mchezo mmoja tu ulio ndani ya mashine hiyo: besiboli.

Mashine yetu ililetwa na shemeji yangu anayefuata bidhaa Kampala. Juu ya boksi wameandika kwamba ina michezo 400. Ukihesabu vizuri utakuta mingi inajirudia kwa majina mengine. Betri yake ni ile ya simu ndogo za zamani, kwa hiyo ikifa, fundi wa simu anakupatia nyingine. Haihitaji intaneti. Kwa nyumba kama zetu, ambamo umeme huja na kwenda, hiyo ni faida.

Watoto wangu wawili walikimbilia michezo ya risasi na ya magari. Mtoto wa dada yangu, msichana ambaye sasa ana miaka kumi, alichagua besiboli. Wengi wenu mnamjua. Alifika kwetu 2023, wakati wa mapigano ya Lubunga kati ya Wambole na Walengola, alipovuka mto kwa mtumbwi pamoja na mama yake, bila hata begi la shule. Dada yangu anatafuta maisha kwa kuuza samaki wakavu, na mtoto analala kwetu. Kwa miezi mingi alijibu "ndiyo" na "hapana", basi. Kazi za nyumbani alifanya, shuleni alikaa kimya kwenye benchi lake, lakini maneno hayakutoka. Mchezo wa risasi ukianza, alitoka nje. Besiboli haina risasi. Nadhani ndiyo sababu aliichagua.

Shida ilikuwa moja: hakuna mtu nyumbani aliyejua besiboli ni nini. Sisi ni watu wa mpira wa miguu. Baba wa watoto ni mshabiki wa TS Malekesa, jirani ni wa AS Makiso, na siku timu hizo zinapokutana hawasalimiani mpaka jioni. Mchezo wa fimbo na mpira mdogo ulikuwa kitu kigeni kabisa.

Basi niwaeleze kwa kifupi. Kuna timu mbili, kila moja ina watu tisa. Mmoja anatupa mpira, na mpinzani wake amesimama na fimbo anajaribu kuupiga. Akiupiga vizuri, anakimbia kuzunguka vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi. Akifaulu kurudi pale alipoanzia, timu yake inapata pointi moja. Akikosa mpira mara tatu, anatoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana: waliokuwa wakipiga wanakwenda kulinda uwanja. Kila timu ikishapata zamu tisa za kupiga, wanahesabu pointi.

Mashine haikutueleza hata neno moja la hayo. Inaonyesha maneno machache ya Kiingereza, na watoto wetu wanasoma Kifaransa. Hilo ndilo kosa lake la kwanza. Tulichukua daftari. Kila jambo lilipotokea kwenye kioo tuliliandika: amekosa mara ngapi, nani ametoka, pointi imeingia lini. Mimi ninafundisha hesabu, nilisomea ISP hapa Kisangani, na ninawaambia kwamba lile lilikuwa somo zuri kuliko mengi tunayoyaandika ubaoni. Mtoto anatazama, anahesabu, anakisia kanuni, halafu anaijaribu aone kama ni ya kweli. Jioni ya nne yule msichana aliinua kichwa akasema, "Mama mdogo, mpira mbaya ukitupwa mara nne, yule wa fimbo anaenda kituo cha kwanza bila kupiga." Alikuwa na haki. Na ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tulizowahi kumsikia akisema tangu avuke mto.

Michezo ya mtindo huu ina umri kunizidi mimi. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa besiboli yake mwaka 1983, mwaka ule ule ilipoanza kuuza mashine yake ya kuchezea nyumbani. Michezo ya kwanza ya wakati ule ilibidi iingie katika nafasi ya kilobaiti 40 hivi. Picha moja ya harusi tunayotumiana kwa WhatsApp ni nzito kuliko hapo. Katika nafasi ndogo namna hiyo huwezi kuweka sura za watu, wala majina yao, wala maelezo. Walioutengeneza huu wetu wamefuata mtindo ule wa zamani: watu wadogo wa vibandiko, wote sura moja, muziki wa noti chache unaorudi mpaka kichwa kinauma.

Kosa la pili ni majina. Timu ni herufi tu, na wachezaji hawana hata namba mgongoni. Mtu akipiga vizuri, humjui. Akija tena zamu yake, huwezi kusema, "Huyu ndiye yule wa jana." Na wote ni wanaume, au tuseme hakuna anayefanana na mwanamke.

Kosa la tatu ndilo linalowaudhi watoto zaidi. Timu yako inapolinda uwanja, wewe unamwongoza mtupaji: atupe kwa haraka, polepole, au mpira upinde. Lakini mpira ukishapigwa, wale walinzi wanakimbia wenyewe, jinsi mashine inavyotaka. Unabonyeza, hawasikii. Mpira unampita mlinzi kando, naye anauendea polepole kama mtu anayetoka kula. Kazi yako ni kungoja mpaka auokote, ndipo unamwambia autupe kituo gani. Mwanangu mkubwa aliitupa mashine kitandani kwa hasira.

Kosa la nne: haikumbuki kitu. Betri ikizimika katika zamu ya nane, pointi zako zote zimepotea.

Sasa nawaambia yule msichana alifanya nini na makosa hayo. Alichukua lile daftari, akachora uwanja, akaandika majina ya walinzi wote tisa. Nilidhani ni majina ya wachezaji wa mpira aliowasikia kwa redio. Nilipomuuliza, alisema ni watoto wa darasa lake la zamani, ng'ambo ya Lubunga. Alianza kuwaonyesha kwa kidole mmoja mmoja. Huyu yuko Mangobo kwa shangazi yake. Huyu alirudi kijijini na baba yake. Huyu naye alivuka, tulimwona sokoni. Alipofika upande wa kushoto wa uwanja alinyamaza, kisha akasema, "Hawa watatu sijui." Tangu siku hiyo, mlinzi wa kushoto akikosa mpira hakasiriki. Anasema, "Bado anakuja."

Mimi na dada yangu tulikuwa tumejaribu mara ngapi kumfanya aseme ni nani alikuwa rafiki yake? Hatukupata jibu. Sisemi kwamba mashine imemponya. Kuna usiku bado anaamka. Ninasema kwamba mchezo uliacha nafasi tupu tisa, na mtoto alikuwa na majina ya kuweka pale. Mchezo wenye kila kitu, wenye sura na majina ya wachezaji wakubwa wa Ulaya, usingempa nafasi hiyo.

Lakini nafasi tupu peke yake haitoshi. Kama angekuwa amekaa pembeni na kioo chake, bila mtu wa kumwuliza, majina yale yangebaki kwenye daftari. Ndiyo sababu tulitoka nje.

Katika lupango letu tulifunga mpira kwa mifuko ya plastiki na kamba, tukakata fimbo ya mti wa mwembe. Kituo cha kwanza ni ndoo, cha pili ni tairi la zamani, cha tatu ni mzizi wa mwembe wenyewe, na pa kurudia ni jiwe la kufulia. Hatukuwa watu kumi na wanane. Tulikuwa saba, pamoja na watoto wa jirani na mimi mwenye kitenge changu. Hapo ndipo watoto waliona tofauti. Uwanjani, mpira ukimpita mwenzako unamwita, "Nyuma yako!" naye anasikia. Anageuka. Mwanangu yule mwenye hasira alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na hakuna kitu alichotupa.

Wavulana walisema mtupaji lazima awe mvulana. Nikawauliza ni nani anajua kanuni zote. Wakanyamaza, na msichana wetu akachukua mpira. Wasichana waliocheza nzango hawahitaji kufundishwa kuhesabu pointi na kufuata mwendo wa mguu wa mwenzao. Sisi mama tulicheza nzango uani bila mtu kuiita michezo ya kweli, na 2015 ilionyeshwa Brazzaville katika Michezo ya Afrika. Basi na fimbo hii nayo isiwe ya wavulana peke yao.

Shemeji aliporudi kutoka Kampala alicheka kutukuta na fimbo, kisha akatuambia kwamba Uganda watoto wanacheza besiboli kabisa. Ni kweli. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilishinda nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani, lakini haikupata viza, kwa sababu ya matatizo ya karatasi za umri. Mwaka uliofuata, 2012, timu nyingine kutoka mji wa Lugazi ilifika huko, timu ya kwanza ya Afrika katika mashindano hayo, na ikawashinda watoto wa Oregon kwa pointi 3 kwa 2. Niliwasimulia watoto hayo, na yule msichana aliuliza swali moja tu: "Wale wa mwaka wa kwanza, walifanya nini?" Sikuwa na la kumjibu ila kwamba walibaki nyumbani. Wamama, karatasi za kuzaliwa za watoto wetu tuziweke mahali pa kushika upesi. Wake zilibaki ng'ambo, na bado tunazitafuta.

Basi, kwa mama aliyeuliza, jibu langu ni hili. Ukiwa na pesa, nunua, lakini mashine isiwe ya mtoto mmoja. Kaa ucheze nao mwenyewe mara ya kwanza, hata kama hujui kitu. Afadhali usijue, mtajifunza pamoja. Michezo ya risasi, angalia kwanza ni mtoto gani yuko nyumbani na ameona nini. Weka saa ya kuzima. Na mtoto akilalamika kwamba mchezo una kasoro, usimwambie anyamaze. Mwulize kinachokosekana ni nini, halafu mpe daftari.

Jumamosi kuanzia saa tisa lupango letu liko wazi kwa watoto wa wanachama wote, wavulana na wasichana. Fimbo tunayo. Anayekuja alete mfuko mmoja wa plastiki na kipande cha kamba, maana mipira inaisha haraka. Upande wa kushoto bado tunatafuta walinzi.