Dawa Ipo, Anayetafutwa ni Mchukuzi

Mwanangu wa pekee ana selimundu. Ndugu msomaji, mzazi aliyewahi kukesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa hahitaji kuelezwa zaidi. Nyumba yetu ipo Mikumi, kando ya barabara kuu, na usiku wa namna hiyo malori yapitayo ndiyo wenzetu wa kukesha.

Siku moja kaka yangu aliniita Kilosa. Alikuwa amesikia kwamba ugonjwa huu sasa unaponywa Ulaya, naye alikuwa tayari tuuze shamba la marehemu baba. "Mdogo wangu," alisema, "ardhi hununuliwa tena, mtoto hanunuliwi." Njiani basi lilikuwa limepita mahali paitwapo Ulaya, katikati ya Mikumi na Kilosa, nami nikawaza kwa uchungu: laiti Ulaya yenye dawa ingalikuwa hii ya nauli ya basi!

Pale nyumbani alikuwapo mpwa wetu, binti anayesomea elimu ya viumbe chuoni. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza kama habari ile ni ya kweli.

"Ni kweli, mjomba," alijibu. Mwezi wa Novemba, 2023, Uingereza iliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, na Desemba Marekani ikafuata. Mgonjwa hutolewa seli zizaazo damu, kisha mkasi wa kukata vinasaba huingizwa ndani ya seli hizo kwa mshtuko wa umeme. Halafu mgonjwa hupewa dawa kali za kuufuta uboho wake, ndipo seli zake zirudishwe. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kaka alinyamaza. Shamba letu ni ekari tano.

"Tatizo kubwa ni uchukuzi," mpwa wangu aliendelea. Seli ina utando usiopitisha mizigo ovyo, na DNA ni mzigo mkubwa wenye chaji hasi, ambao hausogei wenyewe mpaka ndani. Virusi hujua njia, lakini mwili huvitambua kuwa adui, na kuvitengeneza kwa ajili ya tiba ni ghali. Umeme nao huua baadhi ya seli.

Kwa sababu hiyo wataalamu wanachunguza peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, zile zile ziundazo protini. Zile zenye chaji chanya huikumbatia DNA na kuifunga kama furushi dogo. Nyingine husaidia furushi kuvuka utando, na nyingine hulitoa katika kifuko kinacholimeza ndani ya seli kabla halijasagwa. Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba protini moja ya virusi vya UKIMWI huweza kuingia yenyewe katika seli. Kipande chake kifupi hutengenezwa maabara, pasipo kirusi chochote, kikafanywa mchukuzi. Kwa selimundu kazi hii ingali ya utafiti, lakini shabaha ni njema: tiba nyepesi na ya bei nafuu zaidi.

Nilimwuliza kuhusu Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa hupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Alisema mara nyingi hutakiwa ndugu wa tumbo moja mwenye uboho unaolingana. Mwanangu hana ndugu.

Hatukuuza shamba. Nilirudi Mikumi na shauri la kawaida: kliniki bila kukosa, haidroksiyurea kila siku kama daktari alivyoagiza, maji ya kutosha, chandarua usiku, na kumkimbiza hospitali homa ikipanda. Wazazi wenzangu, msiuze mali kwa kusikia tu, waulizeni wanaojua. Nami sikuona kwamba nimekata tamaa. Mchukuzi anatafutwa, na kazi yangu ni kuhakikisha kwamba siku atakapofika, mwanangu yupo.