Maalim, Houston na Balozi Kirk

Wakati ule nilikuwa nakaa Irving, ubavuni mwa Dallas, nikipakia mizigo ghalani usiku. Wikendi za Juni tukijazana kwenye gari moja, tunashika barabara kuu ya 45 hadi Houston kwa Maalim, mzee wa Mbweni, Unguja, aliyesomesha historia kabla ya kuwafuata wanawe Texas. Urojo wake alikoroga mwenyewe. Embe mbichi hakumwachia mtu azikate.

Jumamosi moja akataka tumpeleke Emancipation Park, bustani ya hapo hapo Houston. Juni 19, 1865, Jenerali Gordon Granger alitangaza Galveston kwamba watumwa wa Texas wako huru. Mwaka 1872 mchungaji Jack Yates na wenzake, waliokuwa watumwa juzi tu, wakachanga fedha wakanunua eka 10 za bustani hiyo wapate pa kusherehekea uhuru huo. Maalim aliizunguka bustani polepole, bakora mkononi, jua la Texas likituchoma utosini.

“Wanangu, sisi tuliandikiwa John Kirk,” akasema.

Akatuhadithia. Daktari wa Kiskoti, alizunguka Zambezi na Livingstone, akaja Unguja 1866 kama daktari wa ubalozi wa Uingereza, akapanda hadi kuwa balozi mwenyewe. Juni 5, 1873, Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Mkunazini, huku akitishiwa kuzingirwa na manowari. Baadhi ya walioachwa huru waliishia kwenye ardhi ya misheni, hapo hapo Mbweni, alikokuwa na nyumba na bustani yake Kirk.

Kisha 1885. Wajerumani wakaleta manowari zao mbele ya kasri la Barghash, wakiidai bara. Sultani alimtegemea Kirk, rafiki yake wa miaka. Amri ikatoka London: mwambie akubali. Kirk akamwambia.

“Alimpenda?” mmoja wetu akauliza.

“Alimpenda sana. Lakini mshahara ulitoka London.”

Mimi naona Maalim alimpunja Kirk kidogo. Bila Kirk, soko lile lingeendelea miaka mingine. Ila kwa alivyomtenda Barghash, sina la kumtetea.

Kirk aliondoka Unguja 1886, akiwa tayari na cheo cha Sir, akafa 1922. Utumwa wenyewe Unguja ulifutwa kisheria 1897, miaka 11 baada ya yeye kuondoka.