Mimi si Nipo?

Mfereji wa soko letu umejengwa kwa mawe na saruji, na tangu Novemba 2019 haujapasuka popote. Naanza na mfereji kwa sababu ni kazi nzuri, ukipita utaiona, na kwa sababu pesa iliyoujenga ilimlaza mahabusu binti wa watu siku mbili.

Nilikuwa Afisa Mtendaji wa mji mdogo mmoja wa kanda ya kati, kando ya barabara kuu ya lami. Jina la mji naliacha. Aliyekosa ni mimi, na waliobaki ofisini hawana deni langu.

Mamlaka ya mji mdogo ni kiumbe ambacho hata wakazi wake hawakielewi vizuri. Si kijiji, na si halmashauri. Baraza letu lilijaa wenyeviti wa vitongoji, kila mmoja na barabara yake ya kuchongwa. Kazi ya kila siku ilikuwa taka, soko, stendi, vyoo, machinjio na mnada. Pesa tulikusanya sisi. Akaunti, Mweka Hazina na neno la mwisho vilikuwa wilayani. Pesa ilipanda kwa siku moja. Ili ishuke, uliandika dokezo, ukaambatisha bei za wazabuni watatu, ukasubiri. Nimewahi kuomba balbu za taa za stendi mwezi wa tatu nikazipata mwezi wa saba, mwaka mwingine wa fedha, na mhasibu akaniuliza kwa nini hazimo kwenye bajeti mpya.

Kosa langu la kwanza nalidogosha nikiweza, lakini ndilo mama wa mengine. Januari 2019 tulikuwa tunaandaa makisio ya mwaka 2019/20. Mwezi mmoja tu kabla, Rais Magufuli alikuwa ametoa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kimoja 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka. Mwenye nacho hakudaiwa ushuru mwingine. Sisi watendaji ndio tuliovigawa. Asubuhi nilipita sokoni na boksi la vitambulisho, mama ntilie na wauza nyanya wakinunua kwa furaha, wakinitania, "Sasa Mtendaji utatudai nini?" Jioni nikakaa mezani, nikachukua ushuru wa meza wa mwaka uliopita, nikaongeza asilimia 10.

Nilijua. Mtu akiniambia sikujua nitakataa. Na ushuru wa mazao nao ulikuwa umeshapungua tangu bajeti ya 2017/18, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa kabisa. Wachuuzi wetu si wajinga: alizeti iliyokuwa inapita kizuizini na Fuso moja ikaanza kupita na maguta, kila moja na vigunia vyake. Lakini makisio yasiyopanda hurudishwa kutoka wilayani na swali moja, kwamba umeshindwa kazi? Nikaandika namba inayopendwa. Ikapita bila kuguswa, na Afisa Mipango akanipongeza.

Namba ya uongo haikai peke yake. Ukishaandika kwamba utakusanya, unaandika na utakavyotumia, kwa hiyo kwenye kasma ya matengenezo ya soko nikaweka 2,000,000. Ilipofika Oktoba makusanyo yalikuwa hayajafika hata nusu ya lengo la miezi ile. Kilichopatikana kilikatwa kwanza asilimia 10 ya mikopo, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, halafu madeni ya wilaya, halafu posho za vikao. Kasma ya soko ilibaki karatasi.

Mvua ikaja mapema na kwa hasira. Usiku mmoja ukuta wa mfereji wa zamani ulianguka, maji yakaingia upande wa nafaka. Nilifika alfajiri nikakuta akina mama wanaanua mahindi kwenye tope kwa mabeseni. Mwenyekiti wa mamlaka alikuwa ameshafika, suruali imekunjwa magotini.

"Mtendaji," akasema, "ukisubiri dokezo lipande na lishuke, hapa patakuwa bwawa la kambale."

Kwenye kazi yetu kuna kitu kinaitwa fedha mbichi. Ni makusanyo ambayo hayajafika benki. Kuyatumia ni marufuku, kila kikao cha wilaya kinaikumbusha marufuku hiyo, na kila mtendaji niliyepata kukaa naye kwenye kahawa amewahi kuyagusa, japo nauli, japo mafuta ya pikipiki. Sisemi hivyo nijifiche kwenye kundi. Nasema ili ujue kwamba wazo halikunijia kama dhambi. Lilinijia kama akili.

Tulikuwa na mkusanyaji mmoja wa soko na mnada, binti wa miaka ishirini na kitu, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Mwaminifu, hodari wa hesabu kuliko mimi. Kila jioni alitoa ripoti kwenye mashine ya POS, akachukua namba ya malipo, akaenda kwa wakala wa benki pale stendi. Nilimwita ofisini.

"Mwanangu, makusanyo ya wiki hii na ya mnada wa Jumamosi usiyapeleke. Niletee mimi, tuokoe soko. Wilaya ikileta pesa tunarudisha."

Alisimama kidogo. "Mzee, mashine imeshaandika."

"Najua imeandika."

"Basi niandikie hata kikaratasi."

Nikacheka. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka, cheko la baba kwa mtoto anayeogopa giza. "Karatasi ya nini, mwanangu? Mimi si nipo?"

Hapo ndipo penyewe. Nimeizungusha dakika ile miaka mingi, na kila nikiizungusha natoka na jibu lile lile: sikukataa karatasi kwa sababu haikuwa na maana. Niliikataa kwa sababu ilikuwa na maana. Karatasi ingesema Mtendaji ameagiza fedha mbichi zitumike. Bila karatasi, mashine peke yake ndiyo ingesema, na mashine ilikuwa na jina la mtu mmoja tu.

Mawe tripu nne, 360,000. Mchanga tripu tatu, 180,000. Saruji mifuko 24, 384,000. Fundi na vibarua, 300,000. Jumla 1,224,000, na sikula hata senti. Nilikuwa najivunia jambo hilo. Siku tisa mfereji ukasimama, mvua iliyofuata ikapita humo kama imeonyeshwa njia. Mkuu wa Wilaya alipokuja akausifia mbele ya watu, akauliza fedha zimetoka fungu gani. Kabla sijameza mate, Mwenyekiti akajibu, "Ni nguvu za wananchi, mheshimiwa." Watu wakapiga makofi. Mwisho wa robo nikaandika taarifa: mfereji wa soko umekamilika kwa nguvu za wananchi. Nikatia sahihi na mhuri. Yaani karatasi ya kumlinda binti ilinishinda, ya kunipamba mimi haikunishinda.

Kuanzia hapo nilikuwa nimejifunga mwenyewe. Pesa ya wilaya haikushuka, wala nisingeweza kuiomba kwa mfereji ambao taarifa yangu ilisema wananchi wameshaujenga.

Februari 2020 ikaja orodha ya wanaodaiwa makusanyo. Tuliitwa wilayani, watendaji mbele, wakusanyaji nyuma, na nje ya ukumbi gari la polisi limeegeshwa kivulini. Majina yalisomwa kwa kiasi. La yule binti lilipofika, Mweka Hazina alinigeukia. Nimtendee haki: aliuliza vizuri, kama mtu anayenipa nafasi: "Mtendaji, hili unalifahamu?"

Nilikuwa na miaka minne kustaafu. Nilikuwa na mtoto mwaka wa pili chuoni. Niliwaza kwamba wakimtisha kidogo watamwachia, nitatafuta hiyo pesa taratibu, nitamweka sawa. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa mtu kuvuta pumzi.

"Nitalifuatilia," nikasema.

Sikugeuka nyuma. Sijui alikuwa na uso gani, na hilo ni jambo ambalo nililichagua.

Alilala mahabusu siku mbili. Nilidhani hakunitaja; baadaye nilisikia alinitaja, na kwamba waliomhoji walimwuliza ushahidi uko wapi. Mama yake aliuza cherehani, mbuzi na magunia ya alizeti aliyokuwa anasubiri bei ipande, wajomba wakachangia, deni likalipwa lote. Mkataba wake haukuendelezwa. Kwenye vitabu vya halmashauri hoja ilifungwa. Neno tunalolitumia ni hilo hilo, kufunga hoja, na mwaka ule nilihesabiwa miongoni mwa watendaji ambao hoja zao zimefungwa mapema.

Nilipeleka 400,000 kwenye bahasha, mwezi wa nne. Niliipeleka usiku, nikamkuta mama peke yake, nikasema ni mchango wangu kama mzazi mwenzie. Mchango! Kesho yake asubuhi alikuja ofisini na kuku wawili wa kienyeji wamefungwa miguu, akapiga goti mlangoni kunishukuru, akaniambia katika viongozi wote wa mji ni mimi pekee niliyewakumbuka. Nilimnyanyua. Nikapokea kuku. Kuna watu wataniuliza kwa nini sikusema pale. Sina jibu la kuwaridhisha. Niliwaambia nyumbani nimenunua mnadani, wakawapika kwa chakula cha jioni.

Nilistaafu mwaka 2024. Watu waliniaga kwa kuniita mjenzi wa soko. Kiinua mgongo kilipoingia, nilitenga 824,000, zile zilizobaki, nikaziweka kwenye begi la kompyuta na kwenda kumtafuta. Ana kibanda cha miamala ya simu karibu na stendi ya mji mwingine, ana mtoto, ana mwandiko ule ule. Alinipa kiti. Akaniamkia, "Shikamoo, Mtendaji," kama vile hakuna kitu, na nikajisikia vibaya kuliko kama angenitukana.

Nilisema yote. Nilianza na asilimia 10 ya makisio, nikaona ananitazama kama anasema hiyo ya nini, nikaruka nikaenda kwenye ukumbi. Nilimwambia nilijua kwa nini sikutaka kuandika. Alinisikiliza huku akihudumia wateja, anapokea simu, anahesabu noti, anarudi kwangu. Sikupata ile nafasi ya kulia niliyokuwa nimejiandalia.

Kisha akainama chini ya meza akatoa daftari la shule, la zamani, jalada limeng'oka. Akafungua katikati. Kila siku ya wiki ile ilikuwepo, kwa wino wa bluu: Jumatatu kiasi gani nimempa Mtendaji, Jumanne kiasi gani, mnada kiasi gani. Alikuwa nalo wakati wote. "Niliwaonyesha polisi," akasema. "Wakaniambia halina sahihi."

Nikahesabu pesa mezani. Naye akahesabu, haraka kuliko mimi. Akafuata mistari ya daftari kwa kidole, akafika chini, akasimama.

"Bado elfu sita, Mzee."

Nikabisha. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani miaka yote hiyo, 1,224,000 kutoa 400,000. Akanigeuzia daftari. Mstari wa mwisho, chini ya jumla: chai na maandazi ya mafundi, 6,000, yangu. Siku ya pili ya ujenzi nilimtuma awanunulie mafundi chai, nikasema nitampa baadaye. Ilikuwa imenitoka kabisa.

Nikapapasa mifuko. Nilikuwa na noti moja ya elfu tano. Akaipokea, akaandika tarehe, akaandika baki 1,000, akanisogezea daftari na kalamu niweke sahihi.